Habari za Kinjikitile Ngwale wa Ngarambe

Katika kitabu hiki cha jubilei mmekwisha kusoma habari za maaskofu, mapadre na waalimu waliotutangulia katika imani. Labda mtastaajabu kuona hapa habari za mtu ambaye hakubatizwa. Lakini waalimu wetu wa Kibiti na wa vijiji vya delta huulizwa na watoto kama Kinjikitile alikuwa shujaa au mwongo, na Mkristo hapaswi kulikimbia swali hilo. Mambo yake yalitendeka katika nchi yetu hii, na damu iliyomwagika ilikuwa ya babu zetu.

Atokaye Kibiti kwenda kusini huuvuka mto Rufiji, na mbali upande wa machweo, karibu na vilima vya Wamatumbi, iko Ngarambe. Huko ndiko alikokaa Kinjikitile. Siku zile nchi ilitawaliwa na Wadachi, yaani Wajerumani. Watu walitozwa kodi, na maakida waliikusanya kwa ukali. Tangu mwaka 1902 tena wakaamriwa, katika wilaya za pwani, kulima mashamba ya pamba chini ya majumbe wao. Kiboko hakikukoma, na siku za kulima pamba zilikuwa ndizo siku za kulima chakula chao wenyewe. Malipo nayo yalikuwa machache mno, hata wengine wakakataa kuyapokea.

Basi mwaka 1904 habari za Kinjikitile zikaanza kuenea. Wazee husimulia kwamba alichukuliwa na pepo aitwaye Hongo, akatumbukia katika kilindi cha maji; jamaa zake wakamtafuta wasimwone, hata siku ya pili akatoka, na nguo zake zilikuwa kavu. Tangu hapo watu wakamjia kutoka mbali, makundi kwa makundi, naye akawapa dawa ya maji iliyochanganywa na nafaka. Akawaambia kwamba dawa hiyo itazigeuza risasi za Wadachi kuwa maji, na kwamba wahenga wao hawakupotea, bali wako Ngarambe.

Lakini hakuwapa dawa tu. Aliwafundisha kwamba wao ni watu wamoja. Zamani Mmatumbi, Mngindo, Mzaramo na Mrufiji kila mmoja alijiangalia mwenyewe, na mara nyingine walipigana. Pale Ngarambe walikaa pamoja, wakafundishwa vita pamoja, wakarudi kwao wakijiona ndugu. Kadhalika aliwaagiza wangoje, wasianze vita mpaka atakapotoa neno.

Neno hilo hawakulingoja. Mwishoni mwa Julai 1905, huko Nandete katika Umatumbi, watu waliochoka kungoja waling'oa pamba shambani, na hiyo ikawa alama ya vita. Kinjikitile alikuwa amekwisha kukamatwa, na tarehe 4 Agosti 1905 akanyongwa Mohoro, karibu na delta yetu, pamoja na msaidizi wake. Husimuliwa ya kuwa hakuogopa, akawaambia waliomnyonga kwamba kifo chake hakibadili kitu, maana dawa imekwisha kufika mbali. Na kweli ilikuwa imefika. Vita vikaenea mpaka Mahenge, Ungoni na Masasi, nchi kubwa kuliko alivyopata kuiona yeye mwenyewe.

Hapo ndipo yatupasa kusoma kwa huzuni. Tarehe 30 Agosti maelfu waliishambulia ngome ya Mahenge wakiwa na imani katika maji, na bunduki za mzinga zikawafyeka kama nyasi. Risasi hazikugeuka. Kisha Wadachi wakachoma vijiji na maghala ya chakula, na njaa ikaua watu wengi kuliko silaha. Hata vita vilipokwisha mwaka 1907, Wadachi wenyewe walihesabu watu 75,000 waliokufa. Wanahistoria wa baadaye wamehesabu hata 250,000 na zaidi. Kanisa nalo lilitoa damu. Tarehe 14 Agosti 1905 Askofu Cassian Spiss aliuawa njiani katika nchi ya Liwale, pamoja na mabruda wawili na masista wawili, na misheni za Nyangao, Lukuledi na Masasi zikaharibiwa.

Je, tumhukumuje Kinjikitile? Moyo wake tumwachie Mungu, kwa kuwa hatujui kama aliamini mwenyewe aliyoyasema. Walakini matendo yake twaweza kuyapima. Kukataa kufanywa mtumwa katika nchi aliyokupa Mungu si dhambi, maana mtu ameumbwa kwa mfano wa Mungu, wala hakuumbwa kwa kiboko. Kuwafanya makabila mengi kuwa ndugu ni kazi njema, na mtu yeyote aliyebatizwa aionee haya akiwa bado anamchukia jirani kwa ajili ya kabila lake. Lakini awaongozaye watu ana deni kwao, nalo ni kweli. Mkulima wa Umatumbi aliyeikimbilia bunduki aliupenda uhuru, lakini aliyempa ahadi isiyo kweli alimwacha pasipo kinga.

Wala sisi wa Kanisa tusijione hatuna deni. Misheni nyingi zilisimama karibu na serikali hata watu hawakuweza kuzitofautisha. Kama sauti ya Kanisa ingalisikika mapema na kwa nguvu juu ya kiboko na mashamba ya pamba, labda wengi wasingalitafuta msaada katika maji ya Ngarambe. Mkristo anyamazaye jirani yake akionewa anaandaa njia ya waganga wa uongo.

Mwezi wa Desemba 1956, Mwalimu Julius Nyerere, mwana wa Kanisa, alisimama mbele ya Umoja wa Mataifa huko New York, akakumbusha kwamba watu wa Maji Maji walipigana kwa kuwa hawakukubali haki ya mgeni kuwatawala, si kwa kuogopa kiapo cha ushirikina. Yeye na wenzake, Wakristo na Waislamu, waliuchukua umoja ule na kuiacha ile ahadi ya maji. Tarehe 9 Desemba 1961 Tanganyika ikapata uhuru pasipo vita.

Basi, waalimu, mtoto akiwauliza, mwambieni kwamba Kinjikitile aliipenda nchi yake, na kwamba kuipenda nchi hakutoshi pasipo kusema kweli kwa wale wanaotuamini. Nasi sote katika jubilei hii tuwaombee waliokufa katika vita vile, waliokunywa maji na waliobeba msalaba, wapumzike kwa amani.