Alice Harris, Nsala, na sanduku lenye giza

Nyumba ya manjanja ikiwa na tundu dogo, ukifunga mlango na dirisha saa za jua kali, utaona ukutani miti na watu wa barabarani: vichwa chini, miguu juu. Ibn al-Haytham, mwanachuoni wa Basra aliyefanya kazi Cairo, alilichunguza jambo hilo miaka 1000 hivi iliyopita. Apareyi ya foto ilitoka humo humo: sanduku lenye giza, tundu, na kitu cha kushika mwangaza usipotee. Leo tunamzungumzia mwanamke aliyekuja na sanduku hilo Kongo wakati wa mpira.

Alice Seeley alizaliwa Uingereza mwaka 1870. Mwaka 1898 aliolewa na John Harris, na siku chache tu baada ya harusi wakapanda meli kuja huku kama wamisionari wa Kiprotestanti. Baadaye walikaa Baringa, kando ya mto Maringa. Pale bwana alikuwa kampuni ya ABIR, kwa ruhusa ya Leopold, mfalme wa Ubelgiji, aliyeishika nchi hii sawa vile shamba lake. Kila kijiji kilipaswa kuleta mpira kwa kipimo. Kipimo kikipungua, walinzi wenye bunduki walitumwa.

Mwezi wa 5, 1904, Nsala, mtu wa kijiji cha Wala, alifika misioni na kifurushi cha majani. Ndani mlikuwa mkono na mguu wa binti yake Boali, mtoto wa miaka 5 hivi. Walinzi walikuwa wamemuua pamoja na mama yake. Alice alimwomba Nsala akae barazani, akaweka vile viungo mbele yake, akapiga foto. Tunaijua: baba amekaa pembeni, anaviangalia.

Sisi wa sendika tunasimama hapa kidogo. Kila shimo likibomoka huku Masisi, foto zinajaa katika simu zetu. Lakini ukiuliza ni shimo gani, siku gani, marehemu ni mtoto wa nani, watu wananyamaza, na mwenye shimo anasema hiyo ni foto ya kwingine. Ile ya Baringa hawakuweza kuisukuma hivyo juu ilikuwa na jina la baba, jina la mtoto, kijiji na kampuni. Na tuseme wazi: ushahidi aliuleta Nsala. Ni yeye aliyeubeba njia nzima akiwa na uchungu wa namna ile.

Wala si foto peke yake. Mwisho wa mwaka huo tume ya uchunguzi ilipofika Baringa, chifu Lontulu wa Bolima aliweka mbele yao vijiti 110, vya urefu mbalimbali, kila kijiti mtu mmoja aliyeuawa. Huyo hakuwa na apareyi yoyote. Alijua kuhesabu watu wake.

Alice na mume wake walirudi Ulaya na foto zao, wakazitia katika vioo na kuzionyesha ukutani kwa taa, katika makanisa na kumbi. Mwaka 1906 huko Marekani walizungumza katika mikutano zaidi ya 200, miji 49. Leopold alikuwa amelipa waandishi wa magazeti wamtetee. Foto hakupata wa kumlipa. Mwaka 1908 alilazimishwa kuiachilia Kongo, ikawa koloni ya Ubelgiji. Kazi ya kulazimishwa haikwisha siku ile, wazee wetu wa njia na wa migodi waliionja miaka mingi tena. Alice mwenyewe alirudi pamoja na John miaka ya 1911 na 1912 kuangalia kama mambo yamebadilika, na apareyi yake mkononi.

John alikufa mwaka 1940. Alice aliishi mpaka mwaka 1970, miaka 100 kamili, Kongo ikiwa tayari na miaka 10 ya uhuru. Vioo vyake vimetunzwa, na jina la Boali limo.