Bibi Katharina von Bora na Arusi ya Mwaka 1525

Habari za Dr. Martin Luther zajulikana sana katika sharika zetu, maana watoto wetu hujifunza Katekismo yake tangu udogo wao. Lakini habari za mkewe hazisimuliwi mara nyingi. Tumeona vema kuwapasha habari za Bibi Katharina von Bora, jinsi alivyoolewa, na jinsi ndoa ile ilivyodumu katika raha na katika taabu.

Katharina alizaliwa mwaka 1499 katika nchi ya Sachsen, huko Ujerumani. Wazazi wake walikuwa watu wa ukoo bora, ila mali yao ilikuwa chache. Mama yake alikufa mapema, na baba yake akampeleka angali mtoto mdogo kulelewa na watawa wa kike. Baadaye akahamishiwa nyumba ya watawa ya Nimbschen, na mwaka 1515 akaweka nadhiri ya kutoolewa maisha yake yote.

Hata usiku wa Pasaka mwaka 1523, Katharina na wenzake kumi na mmoja wakatoroka. Aliyewachukua ni Leonhard Koppe, mfanya biashara wa mji wa Torgau, aliyezoea kupeleka bidhaa katika nyumba ile. Akawapakia katika gari lake la farasi. Jambo hilo lilikuwa la hatari kubwa, maana kwa sheria za siku zile mtu aliyewatorosha watawa aliweza kuuawa. Tisa kati yao wakafika Wittenberg, hawana mali wala makao. Luther akaona ni wajibu wake kuwatafutia waume au mahali pa kukaa.

Wenzake wakapata makao, Katharina akabaki. Kijana mmoja wa Nürnberg alitaka kumwoa, lakini ndoa haikutimia. Ndipo akachaguliwa Kaspar Glatz, mtu wa elimu ya dini. Katharina akamkataa, akamweleza Nikolaus von Amsdorf, rafiki wa Luther, ya kuwa Glatz hamtaki, lakini Amsdorf mwenyewe au Luther akimposa, atakubali. Huo ulikuwa ujasiri mwingi kwa mwanamke asiye na mali wala baba wa kumsemea.

Arusi ilifungwa jioni ya tarehe 13 Juni 1525, katika nyumba ya watawa wa Augustino mjini Wittenberg. Nyumba ile ilianza kujengwa mwaka 1504 kwa ajili ya watawa waliosoma katika chuo kikuu cha mji, nayo ikaitwa Nyumba Nyeusi kwa ajili ya mavazi yao. Siku zile karibu wote walikuwa wamekwisha kuondoka. Mchungaji wa mji, Johannes Bugenhagen, akawaunganisha mbele ya mashahidi wachache: Justus Jonas, Johannes Apel mwanasheria, na mchoraji Lucas Cranach pamoja na mkewe. Bibi arusi alikuwa na miaka 26, bwana arusi 41. Tarehe 27 Juni wakaandamana mpaka kanisa la mji, kisha wakala karamu pamoja na wazazi wa Luther. Hivyo ahadi iliyotolewa nyumbani ilidhihirishwa mbele ya watu wote.

Wengi walichukizwa. Vita vya wakulima vilikuwa vimemwaga damu nyingi mwaka ule ule, na hata Philipp Melanchthon, rafiki wa Luther, hakuona kuwa wakati ule wafaa kwa arusi. Lakini walio na shaka waliweza kuitazama nyumba yenyewe. Katharina alilima bustani, akafuga wanyama, akapika bia kwa desturi ya nchi ile, akawalisha wanafunzi waliopanga kwake. Tauni ilipoingia mjini mwaka 1527, chuo kikuu kikahamishwa, lakini wao wawili walibaki. Naye Katharina, hali ana mimba, akawauguza wagonjwa nyumbani mwake. Alizaa watoto sita, akawazika wawili mumewe angali hai: Elisabeth mwaka 1528, na Magdalena mwaka 1542, mwenye miaka 13. Akalea pia yatima wa jamaa za mumewe.

Mwaka 1542 Luther aliandika wasia kwa mkono wake, akamwachia mkewe shamba na vitu vya thamani, asije akatazamia mikono ya watoto wake, bali watoto wamtazamie yeye. Luther akafa tarehe 18 Februari 1546. Wanasheria wakaupinga wasia ule, maana sheria ya Sachsen haikumpa mjane haki kama hiyo. Ikabidi mtawala Johann Friedrich mwenyewe authibitishe. Kisha vita vikaja. Katharina akakimbia mara mbili, na aliporudi akakuta mashamba yameharibiwa na wanyama wametoweka. Akakopa fedha, akaanza tena kupokea wanafunzi.

Mwaka 1552 tauni ikarudi Wittenberg. Akafunga safari kwenda Torgau, mji ule ule uliompokea alipotoroka miaka 29 kabla. Njiani farasi wakashtuka, naye akaanguka akaumia vibaya. Akalala kitandani karibu miezi mitatu, akafariki tarehe 20 Desemba 1552, akazikwa katika kanisa la Mtakatifu Maria mjini humo. Mwaka 1564 watoto wake waliuzia chuo kikuu nyumba ile ya Wittenberg, ikawa tena makao ya wanafunzi.

Ndugu zetu, sisi twafunga ndoa nyingi makanisani, na siku ya arusi hapakosi nyimbo wala karamu. Lakini mume akiisha kuzikwa, mara ngapi jamaa huja kuchukua shamba na ng'ombe, na mjane akabaki na watoto mikono mitupu! Luther alimpenda mkewe hata akamfikiria siku ambayo yeye mwenyewe hatakuwapo. Basi kila mume na aandike wasia wake mapema mbele ya mashahidi, na wazee wa kanisa wasimame upande wa mjane siku ya matanga. Bwana awalinde wajane walio katikati yetu.