Emily Roebling: Mpeleka ujumbe aliyejifunza uhandisi kazini

Mwaka 1872, jijini New York nchini Marekani, mhandisi mkuu wa daraja kubwa lililokuwa likijengwa alianguka mgonjwa na hakuweza tena kufika kazini. Daraja lilikuwa bado halijakamilika, na mafundi waliendelea kusubiri maelekezo. Katika makala haya tunaangalia maisha ya mkewe, Emily Roebling, ambaye kwa zaidi ya miaka 10 alikuwa kiungo kati ya chumba cha mgonjwa na eneo la ujenzi.

Emily alizaliwa mwaka 1843 katika mji mdogo wa Cold Spring, kando ya Mto Hudson. Kaka yake mkubwa, Gouverneur Warren, alikuwa mwanajeshi na mhandisi, na ndiye aliyemsaidia kupata elimu katika shule ya wasichana. Lakini elimu hiyo ilikuwa na mpaka. Vyuo vya uhandisi wakati huo karibu vyote vilikuwa vya wanaume. Mwaka 1865 Emily aliolewa na Washington Roebling, mhandisi aliyekuwa amehudumu jeshini chini ya kaka yake.

Baba mkwe wake, John Roebling, ndiye aliyebuni daraja la kuunganisha Manhattan na Brooklyn juu ya maji yanayoitwa East River. Watu walikuwa wakivuka kwa vivuko, na wakati wa baridi kali barafu ilivikwamisha. Mwaka 1869, akiwa anapima eneo la daraja, mzee huyo alipondwa mguu na kivuko. Aliugua pepopunda, akafariki ndani ya wiki chache. Washington akachukua nafasi ya baba yake.

Ili tuelewe kilichompata Washington, tuchukue mfano wa nyumbani. Ukifudikiza kikombe na kukizamisha wimawima kwenye ndoo ya maji, hewa hubaki ndani. Misingi ya daraja hili ilichimbwa kwa njia hiyo. Makasha makubwa ya mbao yasiyo na sakafu yalizamishwa hadi chini ya mto, hewa ikasukumwa ndani kwa nguvu ili kuzuia maji, na wanaume wakaingia kuchimba udongo na mawe.

Hatari ilikuwa wakati wa kutoka. Mtu anayetoka haraka kwenye hewa iliyoshindiliwa, mwili wake hufanana na chupa ya soda iliyofunguliwa ghafla: mapovu ya gesi hujitokeza katika damu na viungo. Madaktari wa wakati ule hawakujua chanzo chake. Baadhi ya vibarua walifariki, wengine wakapooza. Washington, aliyekuwa akishuka chini pamoja na watu wake, naye aliugua ugonjwa huo.

Kuanzia hapo alibaki nyumbani, dhaifu na mwenye maumivu, akiutazama ujenzi kwa darubini kupitia dirishani. Emily alianza kwa kazi ambayo yeyote angeweza kupewa: kuandika barua alizosomewa na mumewe na kupeleka maagizo kwa wahandisi wasaidizi.

Hapa ndipo tunapoona uamuzi wake mkubwa. Angeweza kubeba barua bila kujua maana yake. Badala yake alijifunza kilichokuwa ndani ya barua hizo. Alisoma hesabu, nguvu za vifaa vya ujenzi, jinsi nyaya za chuma zinavyosukwa na jinsi waya uliofungwa ncha mbili unavyojipinda kwa uzito wake. Tayari alikuwa na mwanzo, kwani miaka ya 1867 na 1868 alisafiri Ulaya na mumewe, aliyekwenda kujifunza juu ya yale makasha ya chini ya maji.

Kwa hiyo msaidizi alipomuuliza swali, Emily hakulazimika kurudi nyumbani kutafuta jibu kila mara. Alikagua kazi, alizungumza na wakandarasi, alikutana na wanasiasa. Inasimuliwa kwamba watengenezaji wa vyuma waliposhindwa kuelewa umbo la kipande kilichohitajika, yeye ndiye aliyewachorea. Baadhi ya watu walianza kuamini kwamba mhandisi mkuu ni yeye.

Mwaka 1882 baadhi ya viongozi walitaka Washington aondolewe, kwa hoja kwamba mgonjwa hawezi kuongoza kazi kubwa kama hiyo. Emily alimtetea, na wasimamizi walipopiga kura, Washington alibaki.

Daraja la Brooklyn lilifunguliwa tarehe 24 Mei 1883. Urefu wake kati ya minara miwili ni takriban mita 486, na hakukuwa na daraja la kuning'inia refu kuliko hilo duniani. Kabla ya siku hiyo, Emily alikuwa amelivuka kwa gari la farasi akiwa na jogoo, ishara ya ushindi. Katika sherehe, mwanasiasa Abram Hewitt alimsifu hadharani, akasema kazi yake imeonyesha uwezo wa wanawake kupata elimu ya juu waliyonyimwa kwa muda mrefu.

Emily hakuishia hapo. Mwaka 1899 alipata cheti cha masomo ya sheria katika Chuo Kikuu cha New York. Alifariki mwaka 1903.

Mwaka 1951 kibao cha kumkumbuka, pamoja na mumewe na baba mkwe wake, kiliwekwa kwenye daraja. Maneno yake yanasifu imani na ujasiri wa mke aliyemsaidia mume mgonjwa. Ni kweli alikuwa hivyo. Lakini sifa hiyo inaacha kitu. Wake wengi wameuguza waume zao kwa upendo. Daraja halisimami kwa upendo peke yake. Lilihitaji mtu anayejua hesabu.

Tuseme ukweli pia: Emily hakulibuni daraja hilo, na hakuwa na shahada ya uhandisi. Mlango ulifunguka kwake kwa sababu ya ajali na ugonjwa. Bila hayo, kipaji chake huenda kingebaki kimefichwa.

Hilo ndilo tunalowaachia wazazi na walimu wanaotufuatilia. Binti anayemshikia fundi tochi, anayetumwa dukani kununua misumari, tayari yuko karibu na kazi. Akiuliza kwa nini nondo hii ni nene kuliko ile, mjibuni. Asisubiri mtu augue ndipo aruhusiwe kujifunza.