Askofu Steere na Maneno ya Sauti Moja

Katika nchi ya Karagwe na Kyerwa, mkoani Kagera, pana mahali paitwapo Songambele. Jina hilo ni la Kiswahili. Likiandikwa neno moja, ni jina la mahali. Likiandikwa maneno mawili, songa mbele, si jina tena bali ni amri ya kumwambia mtu aendelee. Sikio halipambanui, jicho ndilo lipambanualo. Maneno ya namna hii, yenye sauti moja na maandiko mbalimbali, ni haba sana katika Kiswahili. Katika Kiingereza yamejaa tele, na mwanafunzi aanzaye lugha hiyo hupata taabu nyingi kwa ajili yake. Kuachana huku kwa lugha mbili kuna sababu zake, na katika sababu hizo imo kazi ya Mwingereza mmoja aliyekaa Unguja, jina lake Edward Steere.

Alizaliwa London mwezi wa Mei mwaka wa 1828. Alijifunza sheria, akafaulu mitihani yake, na mwaka wa 1850 akakubaliwa kuwa wakili. Kazi ya wakili ni kazi ya maneno: herufi moja ikikosewa katika hati, shamba la mtu laweza kupotea. Pengine huko ndiko alikopata tabia yake ya kutoridhika na neno mpaka amelipima. Walakini hakudumu katika sheria. Mwaka wa 1856 aliingia kazi ya ukasisi, akawahudumia watu wa vijijini, kwanza upande wa Devon, kisha Lincolnshire, nchi ya tambarare karibu na bahari.

Hapo inafaa kueleza jinsi Waingereza waandikavyo, maana Steere kama kila mtoto wa kwao alilelewa katika maandiko hayo. Neno sun maana yake ni jua, na son ni mwana wa kiume. Yote mawili hutamkwa sawasawa. Flour ni unga na flower ni ua, nayo vilevile hayaachani masikioni. Night ni usiku. Knight ni askari wa farasi mwenye cheo wa zamani. Mgeni huuliza ile k ya mbele ina kazi gani, ikiwa haisemwi. Jibu ni kwamba zamani ilisemwa. Wazee wa Waingereza waliitamka ile k, na ile gh ya katikati waliitoa kooni, na w ya mbele ya neno write, kuandika, ilisikika pia, kwa hiyo halikufanana na right, maana yake sawa au haki. Hata sea, bahari, na see, kuona, zamani yalitamkwa mbalimbali. Mwaka wa 1476 William Caxton alisimamisha mtambo wa kupigia chapa vitabu huko Westminster, na katika miaka iliyofuata wapiga chapa walianza kuyakaza maandiko yasibadilike. Midomo ya watu haikukazwa. Ikaendelea kubadilika, na maandiko yakabaki nyuma, kama nguo ya mtoto iliyobaki sandukuni naye amekwisha kuwa mtu mzima. Basi kila mtoto wa Uingereza hana budi kuyakariri maneno hayo moja moja, na wengi huyakosea mpaka uzee.

Steere alikuwa na rafiki aliyeitwa William Tozer, kasisi wa parokia ya jirani. Mwaka wa 1863 Tozer aliwekwa kuwa askofu wa misheni ya Afrika ya Kati, naye Steere akakubali kufuatana naye kwa muda. Walikwenda kwanza upande wa mto Zambezi. Mambo hayakuwa mema huko, kwa sababu ya maradhi na vita, wakaondoka, na mwaka wa 1864 wakafika Unguja. Muda ule mfupi aliouahidi ukageuka kuwa kazi ya maisha yake.

Unguja wakati ule ulikuwa mji wa biashara kubwa, na watumwa waliuzwa sokoni hadharani. Sultani Majid aliwapa wamisionari watoto watano wa kiume waliotwaliwa katika jahazi la watumwa, nao ndio waliokuwa wanafunzi wa kwanza. Mmoja wao, John Swedi, aliwekwa kuwa shemasi mwaka wa 1879. Watoto hawa hawakuwa na kitabu hata kimoja. Tena lugha zao za nyumbani zilikuwa mbalimbali, na Kiswahili ndicho walichoweza kukutana nacho wote. Steere akaanza kujifunza Kiswahili kwa watu wa mjini, akiuliza na kuandika, na kuuliza tena.

Kiswahili kilikuwa na maandiko yake tangu zamani. Watu wa pwani waliandika kwa herufi za Kiarabu, na mashairi yao marefu yamehifadhiwa kwa herufi hizo. Lakini Kiarabu hakina herufi ya p wala ya ch, na alama zake za irabu ni tatu tu, hali Kiswahili kina irabu tano. Waandishi wengi walitumia herufi moja kwa b, p na mb. Kwa hiyo baba na papa yaliweza kuandikwa sawasawa, mzazi na samaki yule mkali wa baharini. Alama moja ilitosha kwa u na kwa o pia, na msomaji ilimbidi atambue kwa maana ya maneno mengine kama mwandishi alitaka kusema mtu au mto. Aliyelijua shairi tangu utoto alilisoma bila shida. Lakini mtoto aliyetoka jahazini jana, asiyekijua Kiswahili vema, angesomaje?

Wasafiri wa Ulaya nao hawakuwa na kanuni. Speke alipofika Karagwe mwaka wa 1861 aliliandika jina la mfalme Rumanyika pasipo y, kwa jinsi sikio lake lilivyolipokea. Mjerumani Krapf, aliyefika Mombasa mwaka wa 1844 na kukusanya maneno mengi mno, alikuwa amefanya kazi kubwa kabla ya Steere, lakini maandiko yake yalifuata njia nyingine, na kamusi yake haikutoka ila mwaka wa 1882.

Steere akachagua njia nyepesi. Konsonanti aliziandika kama Waingereza wazisemavyo, na irabu kama wasemavyo Waitaliani, kwa kuwa irabu za Kiingereza hazina msimamo. Maandiko yafuate sauti. Herufi isiyosemwa isiandikwe. Kitabu chake cha kufundishia Kiswahili cha Unguja kilipigwa chapa London mwaka wa 1870, na mwaka ule ule kikatoka kitabu cha hadithi alizosimuliwa na watu wa Unguja. Yafaa kushangaa kidogo kwamba mtu aliyelelewa katika night na knight hakuleta hata chembe ya desturi ile.

Hata hivyo njia yake ina gharama. Maneno yenye sauti moja katika Kiswahili huandikwa pia kwa namna moja. Paa ni mnyama wa porini, na paa ni la nyumba, na kupaa ni kwenda juu, tena kupaa samaki ni kumwondoa magamba. Mbuzi ni mnyama, na mbuzi ni kifaa cha kukunia nazi. Hapa Kiingereza kina faida moja juu ya Kiswahili: jicho lake lingalitofautisha. Watu wa Mombasa hutoa pumzi zaidi wamtajapo paa wa porini kuliko walitajapo paa la nyumba, lakini maandiko ya shule hayakuichukua tofauti hiyo. Msomaji wa Kiswahili hulijua neno kwa yale yaliyo karibu nalo. Paa akikimbia, si wa nyumba.

Kwa mtoto wa Karagwe kuna jambo jingine tena. Kinyambo hakitengi l na r kama Kiswahili kitengavyo, kwa hiyo masikioni mwake kula na kura yaweza kuwa neno moja, na mahali na mahari vilevile. Yeye huyapata maneno ya sauti moja hata pale ambapo mtu wa Unguja hayaoni. Kwake huyo, tahajia ndiyo mwalimu wa ulimi: huiona l kitabuni ndipo ajue kwamba yampasa kuitamka.

Misheni ilikuwa na mtambo mdogo wa kupigia chapa, na vijana walifundishwa kupanga herufi za risasi kwa mikono, moja baada ya moja, zikiwa zimegeuzwa kinyume. Kazi hii yataka macho makali. Kijana aliyetwaa b mahali pa p aliweza kumfanya papa awe baba. Mwaka wa 1867 Steere alitoa maneno ya Kishambala, na baadaye alikusanya pia ya Kiyao na ya Kinyamwezi, lugha ya watu wa ile njia ya misafara iliyopita Unyanyembe kwenda Karagwe.

Mwezi wa Juni mwaka wa 1873 Sultani Barghash alilifunga soko la watumwa. Misheni ikapata kiwanja chake, na siku ya Krismasi ya mwaka ule jiwe la msingi wa kanisa likawekwa papo hapo. Mwaka wa 1874 Steere akawekwa kuwa askofu, na kanisa likaendelea kujengwa chini ya macho yake, kwa mawe ya matumbawe na saruji, mpaka kuba ikafunika juu. Ibada ya kwanza ilifanywa siku ya Krismasi. Katikati ya ujenzi alikwenda bara, na mwaka wa 1876 aliwaongoza watu waliowekwa huru wakakaa Masasi. Kwa wakati wote huo hakuacha kufasiri Agano Jipya kwa Kiswahili, akilirudia neno moja mara nyingi, maana alijua kwamba watu watalisoma wasipokuwa na mtu wa kuwaeleza.

Mwaka wa 1928 wajumbe wa nchi za Afrika ya Mashariki walikutana Mombasa, wakachagua Kiswahili cha Unguja kiwe msingi wa lugha ya mashule. Steere hakuiona siku hiyo. Alikufa Unguja mwezi wa Agosti mwaka wa 1882, akiwa na miaka 54, akazikwa nyuma ya altare, ndani ya kanisa alilolijenga mahali pa soko.