Charles Wheatstone na Picha Pacha

Mtoto wa Tarime anapokama ng'ombe, mkono wake huifikia chuchu bila kubahatisha. Je, macho hutambuaje umbali?

Swali hili lilichunguzwa na Charles Wheatstone, aliyezaliwa Uingereza mwaka 1802. Mwaka 1838 alieleza kwamba kila jicho huona kitu kwa upande wake, na ubongo huziunganisha sura hizo mbili. Alichora picha mbili zilizotofautiana kidogo, akaweka vioo viwili ili kila jicho lione picha yake. Mchoro bapa ukaonekana kuwa na kina! Mwaka 1852 alieleza chombo kingine, kilichobadilisha kushoto kuwa kulia. Vitu vya karibu vikaonekana viko mbali.

Wheatstone alifariki Paris mwaka 1875, lakini maarifa yake yangali yanatumika. Anayehamisha picha pacha za zamani kutoka kwenye filamu hadi kwenye kompyuta sharti atenganishe ya kushoto na ya kulia. Akizibadilisha, twiga wa Serengeti aliyesimama mbele ya mti ataonekana yuko nyuma yake.

Zoezi: Simamisha kidole mbele ya uso. Fumba jicho moja, kisha jingine. Kwa nini kidole chaonekana kuhama?