Andrew Carnegie na Vitabu vya Jumamosi

Wanafunzi wenzangu, Andrew Carnegie alizaliwa Dunfermline, Uskoti, mwaka wa 1835, mwana wa mfumaji maskini. Mwaka wa 1848 walihamia Marekani, akawa kibarua wa kiwanda cha pamba, kisha tarishi wa simu. Pesa za vitabu angetoa wapi? Bahati nzuri, Kanali James Anderson alikuwa na vitabu yapata 400, na kila Jumamosi aliwaazima vijana wafanyakazi. Basi Andrew akasoma wee! Alipotajirika kwa biashara ya chuma cha pua, alitoa pesa zikajengwa maktaba zaidi ya 2,500. Alifariki mwaka wa 1919.

Walimu wetu, mimi naomba kabati lifunguliwe kila Ijumaa, twende na vitabu nyumbani. Kitabu kilichofungiwa hakimpendezi mtu.