Alexander Fleming na Dawa Iliyomo katika Machozi

Wengi wakisikia jina la Fleming hukumbuka penisilini tu. Lakini miaka saba kabla yake alivumbua kitu kingine, ambacho mimi naona kinastahili kukumbukwa zaidi siku hizi.

Alizaliwa tarehe 6 Agosti, 1881, katika shamba la Lochfield, Uskochi. Alipokuwa na umri wa miaka saba baba yake alifariki. Kijana alikwenda London, akawa karani wa kampuni ya meli, na mwaka 1901 ndipo fedha za urithi zilipomwezesha kusomea udaktari katika Hospitali ya St Mary's.

Vita vya 1914–18 vilimpeleka Boulogne, Ufaransa. Huko aliona askari wakifa kwa vidonda vilivyooza, ingawa vilioshwa kwa dawa kali. Fleming alionyesha kwamba dawa zile ziliua chembe nyeupe za damu, zilizo walinzi wa mwili, wala hazikuvifikia vijidudu vilivyojificha ndani ya kidonda.

Mwaka 1921, akiwa na mafua, alitia kamasi zake katika sahani ya vijidudu. Vikayeyuka! Vilibomolewa ukuta na kimeng'enya kiitwacho lisozimu. Alikikuta pia katika mate, ute wa yai na machozi. Akawa akiwakamulia wenziwe ndimu machoni ili apate machozi ya kutosha. Sidhani kama walimpenda siku hizo. Nasi hapa Dodoma, upepo ukitujaza vumbi machoni, machozi yanayotutoka yanacho. Lakini lisozimu ilikuwa hafifu mbele ya vijidudu vya maradhi makali, ikasahauliwa.

Penisilini aliigundua mwaka 1928. Florey na Chain wakaifanya dawa, na wote watatu wakapewa Tuzo ya Nobel mwaka 1945. Wakati huo Fleming alionya kwamba dawa ikitumiwa kidogo kidogo, vijidudu vitaizoea. Alifariki tarehe 11 Machi, 1955, na vijidudu vimeizoea kweli.

Mtoto wa Ugogo akiangukia mafiga au kumwagikiwa uji wa moto, ngozi yake huondoka, na vijidudu vingine viingiavyo havisikii tena dawa. Kwa hiyo wataalamu wamerudi kwenye vimeng'enya. Huko Banjul, Gambia, hospitali iliwahi kuwapaka watoto walioungua papai lililopondwa, kwa kuwa kimeng'enya chake hula nyama iliyokufa ambamo vijidudu huzaliana. Wengine wanajaribu vimeng'enya vya virusi vinavyoshambulia bakteria. Navyo hubomoa ukuta, kama lisozimu.